Ndizi Zipo, Maharage Yapo: Kwa Nini Watoto wa Ngara na Biharamulo Bado Wanadumaa?

Mkoa wa Kagera hausemwi kwa njaa. Unasemwa kwa ndizi, kwa maharage, kwa kahawa, na kwa mvua za vuli na masika zinazonyesha zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana takwimu zake za lishe zinauma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 uliwakuta asilimia 42 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 34. Utafiti uliofuata, wa 2022, ulionyesha nafuu: Kagera asilimia 34, taifa asilimia 30. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini bado mtoto mmoja katika kila watatu ana kimo pungufu kwa umri wake, tena katika mkoa ambao mgomba uko nyuma ya nyumba.

Udumavu ni mgumu kuonekana kwa macho ya mzazi, kwa sababu mtoto aliyedumaa anafanana na wenzake wa kijiji hicho hicho waliodumaa. Hujijenga zaidi kuanzia ujauzito hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na katika muda huo kipindi cha kuangaliwa sana ni kile kinachoanza miezi sita. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha, kwani ni chakula na maji pia. Baada ya hapo anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi, ila maziwa peke yake hayamtoshi tena: nguvu anazohitaji zimeongezeka, na akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha. Hoja yangu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, chakula cha kumkuza mtoto huyu Ngara na Biharamulo kinapikwa kila siku katika sufuria ya familia, lakini hakimfikii. Kinachomfikia ni uji.

Wilaya hizi mbili ni jirani lakini meza zake hazifanani. Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi iliyopakana na Rwanda na Burundi, ni nchi ya vilima, na migomba imezunguka nyumba. Mlo wa kawaida ni ndizi na maharage, pamoja na viazi vitamu, mahindi na mihogo. Biharamulo kuna tambarare zaidi, kuna Wasubi na Wasukuma wengi wenye mifugo, na huko ugali wa mahindi au wa muhogo unatawala. Zamani wilaya hiyo ilifika hadi Ziwa Victoria; Chato ilipokatwa na kuwa wilaya katikati ya miaka ya 2000, kisha ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, mwambao wa ziwa uliondoka nayo. Dagaa hata hivyo hawakuacha kupanda magari kwenda gulioni Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi, na wanafika hadi Rulenge na Kabanga. Jambo lingine lililobadili sufuria za huku ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Kagera mwaka 2006 ukianzia Muleba. Kaya zilizong'oa migomba zilijaza pengo kwa muhogo na mahindi. Kwa mtu mzima huo ni mlo uliobadilika tu. Kwa mtoto wa miezi minane ni hasara, kwa kuwa muhogo una protini kidogo mno, na akilishwa uji wa muhogo mtupu anashiba bila kulishwa.

Tuutazame huo uji. Kikombe cha uji mwepesi uliokorogwa kwa vijiko viwili vya chakula vya unga kina takriban gramu 20 za unga, na gramu hizo zinatoa kama kilokalori 70. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtoto anayenyonya kwa kiwango cha kawaida anahitaji kutoka kwenye chakula kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba karibu mililita 240 kwa mlo mmoja. Piga hesabu: ili mtoto wa miezi kumi afikishe 300 kwa uji huo, anywe vikombe zaidi ya vinne, kila kimoja kikilijaza tumbo lake mpaka juu, na bado atakuwa hajapata chuma wala zinki ya kutosha. Mama anaona kikombe kimeisha na mtoto amelala, anaamini ameshiba. Ameshiba maji.

Uji unafanywa mwepesi kwa sababu ya maana kabisa: mzito mtoto hawezi kuumeza, na ukipoa unaganda. Tatizo hili lina dawa ya hapa hapa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden walichunguza kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, na baadaye wakaujaribu katika kijiji cha Luganga, Iringa. Kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa katika uji mzito ulioanza kupoa, uji unalainika mbele ya macho yako bila kuongezwa hata tone la maji, kwa kuwa vimeng'enya vya nafaka iliyoota vinaukatakata wanga. Unaurudisha jikoni uchemke tena, basi. Mtoto anakunywa uji laini wenye unga maradufu. Kwa mtoto ulezi ndio unaofaa zaidi: loweka usiku kucha, utandaze kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu, anika, pukuta vichipukizi, saga. Mtama unahitaji uangalifu, kwani vichipukizi vyake vina kemikali inayozalisha sumu ya sayanidi, na visipoondolewa vyote ni hatari. Inasikitisha kwamba maarifa haya ya kuotesha nafaka yamebaki hai zaidi kwa wapika pombe kuliko katika jiko la mtoto.

Badala ya kimea, kilichoenea ni unga wa lishe: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, wakati mwingine na dagaa, vyote vimesagwa pamoja mashineni. Nia ni njema, na mama anayejinyima ili aununue anastahili heshima. Lakini kuongeza aina tano za nafaka hakuongezi kundi la chakula. Mahindi na mchele na ngano vyote ni kundi moja. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa haimeng'enywi sawasawa. Karanga zilizokaa kwenye unga wiki kadhaa zinachacha, na karanga au mahindi yaliyopata unyevu yana hatari ya sumukuvu, ile ile iliyoua watu 20 katika mikoa ya kati mwaka 2016. Mimi ningemshauri mzazi abaki na nafaka moja au mbili, na karanga azikaange na kuzisaga kidogo kidogo nyumbani baada ya kuchambua zilizokunjamana na zenye ukungu.

Lakini jibu kubwa haliko kwenye uji wa aina yoyote. Liko kwenye chakula cha jioni.

Chukua ndizi na maharage, chakula ambacho wengine mkoani huita katogo. Maharage yamelowekwa tangu usiku, maji ya kulowekea yamemwagwa, yamechemshwa mpaka yanapondeka kwa vidole viwili bila kubishana. Kuloweka kunapunguza kuni, na kunapunguza pia vile viambata vya kwenye maharage vinavyokamata chuma na kuzuia mwili usikichukue. Ndizi zimemenywa zimeingia, nyanya na kitunguu vimefuata, mafuta kidogo. Hapa, kabla ya chumvi na pilipili, mpakulie mtoto: ndizi moja kubwa au mbili ndogo, maharage kiganja kimoja, mchuzi kidogo. Ponda kwa mwiko au kwa uma katika bakuli. Kwa mtoto wa miezi sita na saba lainisha hadi kusiwe na mabonge, na maganda ya maharage yaliyo magumu uyatoe. Kwa wa miezi minane na tisa acha vibonge vidogo, kwa sababu anapaswa kujifunza kutafuna, na anayelainishiwa kila kitu hadi mwaka anakuja kukataa chakula kigumu. Ongeza kijiko cha chai cha mawese, yanayoletwa kutoka upande wa Kigoma, au cha karanga zilizosagwa. Kipimo cha uzito ni kijiko: ukikiinamisha, chakula kibaki juu yake, kisidondoke kama maji. Nusu kikombe cha mchanganyiko huu inatoa zaidi ya kilokalori 150, pamoja na protini ya maharage na vitamini A ya mawese. Hakuna blenda, hakuna unga wa dukani, na hakuna sufuria ya pili. Kilichoongezeka ni dakika chache na bakuli moja.

Ndizi peke yake isingefanya kazi hiyo. Ni tamu, ni laini, watoto wanaipenda, lakini protini yake ni karibu gramu moja tu kwa kila gramu mia, na chuma chake ni kidogo. Inahitaji mwenzake. Vivyo hivyo ugali: Biharamulo ambako ndio chakula kikuu, kuumega na kuuchovya kwenye mchuzi wa dagaa hakutoshi, maana mtoto anapata ugali na maji ya chumvi, dagaa wenyewe wanaliwa na wakubwa. Afadhali dagaa waoshwe vizuri mchanga utoke, maana wengi wanaanikwa chini, waondolewe vichwa kama ni vikavu sana, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke, kisha watwangwe kwenye kinu na kuchekechwa. Unga huo ukikaa kwenye chombo kikavu chenye kifuniko unadumu, na kijiko kimoja kikitiwa kwenye ugali laini uliopondwa na mchicha, au kwenye ndizi, kinaleta chuma, zinki, kalsiamu na vitamini B12, kwa sababu dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa. Sijui chakula kingine cha bei hiyo katika magulio ya huku chenye mambo mengi kiasi hicho.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vimestawi vizuri Kanda ya Ziwa, na kimoja cha ukubwa wa ngumi kilichochemshwa na kupondwa kinampa mtoto vitamini A ya siku nzima. Parachichi halihitaji hata moto. Mafuta yake yanafanya kazi ya kijiko cha mawese, na ni aibu kuona maparachichi yakioza chini ya mti wakati mtoto wa nyumba hiyo anakunywa uji wenye sukari. Papai au embe lililopondwa baada ya mlo wa maharage lina kazi maalumu: vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume chake. Kikombe cha chai na andazi asubuhi, kifungua kinywa cha watoto wengi, kinazuia chuma na hakileti chochote cha maana.

Katika mwongozo wake wa 2023, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku kitu kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, yai. Kwa wengi wa Ngara na Biharamulo nyama ni ya sikukuu. Yai si hivyo. Kuku wapo, wanatembea uani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ecuador, ambako watoto wa miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa asilimia 47. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Jaribio kama hilo lililofanyika Mangochi, Malawi, halikupata matokeo hayo, na maelezo yanayoaminika ni kwamba watoto wa huko, kando ya ziwa, walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Nasoma tofauti hiyo kwa namna moja: yai linamsaidia zaidi mtoto asiyepata samaki. Mtoto wa Chato anayekula dagaa kila siku huenda asiongezewe mengi na yai. Mtoto wa kilimani Ngara anayekula ndizi, maharage na viazi tu ndiye wa kwanza kulihitaji, na ndiye ambaye mayai ya kwao yanakwenda sokoni.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Mayai yanauzwa ili inunuliwe sabuni, chumvi, daftari, na si kosa la mama. Mara nyingi hiyo ndiyo fedha pekee iliyo mikononi mwake, kwani ya kahawa na ya mikungu iliyouzwa iko kwa baba. Mradi wa Mtoto Mwerevu, ulioendeshwa na IMA World Health kwa fedha za Uingereza kati ya 2015 na 2020 katika mikoa ya Kagera, Geita, Kigoma, Mwanza na Shinyanga, ulilielewa hilo: ulitumia redio na wahudumu wa afya waliotembelea nyumba kwa nyumba, na haukuwasemesha akina mama peke yao bali na akina baba. Naamini ndiyo njia. Kumfundisha mama peke yake aina za makundi ya chakula, wakati ruhusa ya kuchinja kuku au kubakiza mayai haiko kwake, ni kumwongezea lawama tu.

Ndivyo ilivyo pia kwa muda. Mama anatoka alfajiri kwenda shambani, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka tisa na chupa ya uji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara mbili au tatu kwa siku. Wa miezi tisa na kuendelea mara tatu au nne, na kati ya milo apate tunda au kiazi. Dada wa miaka tisa hawezi kupika, lakini anaweza kumpondea parachichi, kumpa kiazi kilichochemshwa, kunawa mikono kwanza na kumnawisha mdogo wake. Muhimu mtoto awe na bakuli lake. Wanapokula wote kutoka sinia moja, mdogo ndiye anayeshindwa mbio, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Alishwe taratibu, anayemlisha akimtazama na kusema naye, asilazimishwe, na akiugua aongezewe kunyonya, kisha akipona apewe mlo mmoja zaidi kwa siku ili arudishe kilichopotea.

Ugonjwa ni nusu ya hadithi. Ngara inalijua hili kuliko wilaya nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na Benaco ikawa kambi kubwa kama mji. Mtafiti Javier Baez, akitumia takwimu za kaya za Kagera, alionyesha baadaye kwamba watoto wenyeji waliokuwa karibu na kambi waliugua zaidi maradhi ya kuambukiza na vimo vyao viliathirika. Chakula cha msaada kilikuwepo, hata masokoni kilifika. Lakini mtoto anayeharisha kila mwezi haneemeki na anachokula. Ndizi zilizopondwa saa moja asubuhi zikakaa kwenye bakuli hadi saa nane mchana si chakula tena. Chupa yenye chuchu haisafishiki vizuri katika mazingira ya maji ya kuteka. Kikombe na kijiko ni salama zaidi.

Machache ya kuepuka niyataje kwa ufupi. Asali ya Biharamulo inasifika kwa haki, lakini asipewe mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kupikiwa chakula, ila yasishike nafasi ya maziwa ya mama kabla ya umri huo. Karanga nzima na vipande vigumu vya muwa au nyama vinaweza kumpalia. Yai liive kabisa. Yai na karanga zilizosagwa hazina haja ya kusubiri mwaka, kinyume na ushauri wa zamani ambao bado unasikika.

Gharama ya kupuuza haya imepimwa, na imepimwa Kagera yenyewe. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Muhimbili, walizitembelea kaya 915 za mkoa huu, Ngara na Biharamulo zikiwemo, na watu wale wale wakatafutwa tena mwaka 2004. Harold Alderman na wenzake walipoichambua kumbukumbu hiyo walikuta kwamba waliokuwa na lishe duni kabla ya umri wa shule walichelewa kuanza shule na waliishia madarasa ya chini zaidi.

Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mkataba ulisainiwa upya 2022, yeye akiwa Rais. Ombi langu kwa madiwani wa Ngara na Biharamulo ni kwamba fedha hiyo itoke yote, itoke kwa wakati, na sehemu yake iende kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, sufuria ya ndizi na maharage ikiwa jikoni na akina baba wameitwa kwa majina waje waone chakula cha mtoto kinavyopakuliwa. Na kwa baba anayesoma haya: katika mayai yote yanayookotwa nyumbani kwako, amua leo lipi haliendi sokoni.